Indiketa yangu ilikuwa inanieleza ukweli, nami nikaiziba mdomo

Najua nimepotea. Leo nilikuwa nimepanga kuandika juu ya hifadhidata, lakini hifadhidata itangoja. Kuna jambo limenikaa rohoni wiki tatu sasa. Linahusu gari langu, balbu mbili ndogo, na mwendesha bodaboda mmoja ambaye nusura nimwangushe pale Outering. Kama hujui magari, usikimbie. Mimi pia siyajui sana. Mimi ni mtu wa programu, na hii ukiitazama vizuri ni hadithi ya programu, ila imetokea ndani ya nyaya.

Tuanze mwanzo. Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 2004, ile ambayo Nairobi nzima inaiita NZE. Simama Umoja jioni na utahesabu kumi kabla hujamaliza kula hindi la kuchoma. Nililinunua kwa mtu, si kwa yadi, kwa hivyo lilikuja na mazoea yake. Zoea moja lilikuwa kuunguza balbu za indiketa za nyuma. Barabara za ndani ya estate zetu mnazijua: tuta, shimo, halafu tuta lingine ambalo mwenye ploti amejijengea mwenyewe usiku. Balbu ya kawaida ina uzi mwembamba wa chuma unaowaka ukishika moto, na uzi ule haupendi kutikiswa. Nikachoka kununua balbu. Na niseme ukweli wote: kila usiku naziona nganya za Buruburu zinavyometameta kama harusi, nami nikatamani gari langu lipate angalau tone la ule mng'aro.

Basi nikaenda Kirinyaga Road, ambayo mafundi bado wanaiita Grogan, nikanunua jozi ya balbu za LED za rangi ya machungwa. Nikaziweka nyuma mwenyewe, mle mle kwenye parking ya ploti, nikijiona fundi kamili. Nikawasha indiketa ya kushoto.

Tikitikitikitiki! Kama cherehani ya Gikomba.

Ya kulia, vilevile. Nikawasha hazadi, gari zima likaonekana kama lina homa. Watoto wa ploti walifurahi sana.

Siku iliyofuata nikaenda Kariobangi Light Industries kwa fundi wa umeme wa magari. Hakufungua hata boneti. Alisikiliza mlio, akacheka. "Hiyo ni kawaida, mkubwa. Hizo balbu hazina mzigo. Nakuwekea rezista." Akatoa vipande viwili vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kimeandikwa wati 50 na omu 6, akaunga kimoja kila upande sambamba na balbu ya nyuma, akavifunga kwenye nyaya kwa ukanda wa plastiki. Dakika ishirini tu. Indiketa ikarudi kwenye mwendo wake: tik, tik, tik. Nikalipa, nikamshukuru, nikaenda zangu. Nikasahau.

Miezi miwili ikapita.

Jioni moja, saa moja kasorobo, nilikuwa natoka upande wa Kariobangi nikishuka Outering kurudi nyumbani. Nikakaribia mahali pa kukata kushoto kuingia Umoja. Nikawasha indiketa. Tik, tik, tik, mwendo wa kawaida kabisa. Mshale wa kijani kwenye dashibodi unapepesa. Nikapunguza mwendo. Kwenye kioo niliona bodaboda, lakini nilijiambia ameniona, taa si inawaka? Nikaanza kukata.

Kumbe kwake yeye mimi nilikuwa gari linalopunguza mwendo tu, pengine kwa ajili ya tuta. Akaamua kunipita kwa kushoto. Nikasikia breki, kelele, na soli ya kiatu ikiburuzika kwenye lami. Alisimama akiwa na nafasi ya kiganja kimoja kutoka kwenye mlango wangu wa nyuma. Alikuwa amembeba mama mmoja, na mama yule alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mkubwa, si ungewasha indiketa!"

"Nimewasha! Hebu sikiliza, hata sasa inalia."

"Inalia wapi? Kuja uone."

Nikashuka, nikaenda nyuma. Taa ya nyuma kushoto ilikuwa giza tupu. Ya mbele inapepesa, ile ndogo ya ubavuni inapepesa, lakini kwa mtu aliye nyuma yangu nilikuwa sijasema neno. Nikaomba radhi. Kijana akanielewa haraka kuliko nilivyostahili. Yule mama hakusema kitu. Alikuwa amepeleka mikono mgongoni kushika miguu ya mtoto, ananitazama tu. Ningefarijika kama angenitukana.

Usiku ule sikulala vizuri. Swali lililonisumbua halikuwa kwa nini balbu imekufa, kwa maana balbu hufa. Swali lilikuwa hili: kwa nini gari halikuniambia? Kila dereva anajua kwamba balbu ya indiketa ikiungua, mlio unakimbia. Langu lilikimbia nilipoweka balbu nzima, halafu likatulia balbu ilipokufa! Hapo nikachukua malitimita, daftari na kikombe cha chai, nikashuka parking.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Ndani ya gari kuna kidude kinachowasha na kuzima indiketa. Mafundi wanakiita flasha. Kwenye NZE kimekaa chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na fyuzi, na utakipata ukifuata ile tik tik kwa sikio. Zamani flasha ilikuwa na ulimi wa metali mbili zilizogandishwa pamoja: mkondo wa umeme ukipita, ulimi unapata joto, unajikunja, unakata umeme, ukipoa unarudi. Mwendo wake ulitegemea moja kwa moja balbu zinavuta umeme kiasi gani. Flasha za baadaye zina saketi ya elektroniki, lakini ziliachiwa tabia ileile kwa makusudi. Umeme wote wa indiketa unapitishwa kwenye kipande chenye ukinzani mdogo mno, na saketi inapima volti zinazopotea hapo. Zikiwa chache, ina maana mkondo ni mdogo, basi kuna balbu imekufa. Kwa lugha yetu sisi watu wa programu:

kama mkondo < kiwango:
    kasi = kasi x 2
la sivyo:
    kasi = ya kawaida

Mistari minne tu, na haijui lolote kuhusu mwanga. Flasha haina macho, inahesabu mkondo basi.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la nane: wati gawanya kwa volti upate ampea. Upande mmoja wa gari una balbu ya mbele ya wati 21, ya nyuma ya wati 21, na ya ubavuni ya wati 5. Jumla wati 47. Kwa volti 12, hizo ni karibu ampea 3.9. Balbu ya nyuma ikiungua zinabaki wati 26, yaani ampea 2.2 hivi. Haya, sasa toa ile ya nyuma uweke LED inayokula wati 3. Unapata wati 29, yaani ampea 2.4.

Umeona? Kati ya balbu iliyokufa na LED inayowaka vizuri kuna tofauti ya ampea 0.25 tu. Flasha haiwezi kuzitenganisha, kwa hivyo inapiga kelele kote kote. LED haikuwa mbovu wala flasha haikuwa mbovu. Flasha iliandikiwa dunia ya balbu za uzi, na mimi nikabadilisha dunia bila kuiambia.

Na ile rezista ya fundi? Chukua volti 12 zidisha kwa 12, gawanya kwa wati 21, utapata omu 6.9. Huo ndio ukinzani wa balbu ya wati 21 inapowaka. Rezista ya omu 6 ni balbu ya uongo: inakula umeme kama balbu lakini haitoi mwanga, inatoa joto tu. Injini ikiwa inaunguruma mfumo hufika karibu volti 13.8, hivyo rezista inavuta ampea 2.3 na kuchoma wati 32 kila inapowaka. Hiyo ni sawa na chuma cha kulehemu kilichofichwa ndani ya buti lako! Kwa kuwa inawaka na kuzima, wastani ni kama nusu ya hapo, lakini ukisimama na hazadi kwa dakika kumi kwenye msongamano wa Jogoo Road hutaweza kuigusa. Yangu ilikuwa imeanza kuyeyusha ngozi ya waya uliokuwa umelala juu yake. Rezista kama hizi zinatakiwa kufungwa kwa skrubu kwenye chuma cha bodi ili chuma kiondoe joto, si kwenye plastiki wala kwenye nyaya.

Lakini joto si dhambi kubwa. Dhambi kubwa ni kwamba LED ilipokufa, rezista iliendelea kula umeme wake kama kawaida. Flasha ikapima, ikaona mkondo mzuri, ikasema kila kitu kiko salama: tik, tik, tik. Nami nikaiamini.

Wenzangu wa programu mmeshajua ninakoelekea. Katika kazi yetu kuna tabia mbaya tunayoikemea kila siku. Programu inatoa ujumbe wa kosa, na mtu, badala ya kutafuta kosa, anaandika mistari miwili ya kuumeza ule ujumbe ili skrini ibaki safi. Mteja anafurahi. Miezi miwili baadaye data imepotea na hakuna anayejua ilianza lini. Nimewahi kumkaripia mwenzangu kazini kwa jambo hilo hilo, mbele ya watu. Halafu mimi nikalipa pesa zangu Kariobangi nifanyiwe tabia ileile kwenye gari, nikasema asante.

Na ile mbio ya indiketa si bahati mbaya ya umeme. Imeandikwa katika sheria. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa kuhusu taa za magari inataka indiketa ipepese mara 90 kwa dakika, ikiruhusu kupungua au kuzidi kwa 30, na inataka dereva ajulishwe indiketa moja ikiharibika, kwa mfano kwa mwendo kubadilika waziwazi. Japan, ambako magari yetu mengi yanatoka, ilijiunga na mkataba wa kanuni hizo mwaka 1998. Sababu yake ni rahisi: taa za nyuma za gari lako ndizo ambazo wewe mwenyewe huwezi kuziona ukiwa unaendesha. Kuna mtu alikaa akafikiria hilo, akakuwekea mlio. Mimi nikauziba mdomo.

Basi ufanye nini? Nimejaribu kadhaa, nawapa majibu bila kuficha.

Njia ya kwanza ni rezista. Mmeisikia. Inatibu mlio, inaleta joto, inaficha balbu iliyokufa.

Njia ya pili ni balbu za LED zenye rezista yake ndani. Ni dhambi ileile, ila sasa joto limekaa ndani ya balbu yenyewe, na joto ndilo adui wa LED.

Njia ya tatu ni kubadilisha flasha, uweke ile iliyotengenezewa LED. Kwenye NZE ina miguu minane na inachomekwa mahali pa ile ya zamani bila kukata waya. Hii ni safi kuliko rezista: hakuna joto, na mwendo ni uleule hata ukiweka balbu gani. Lakini soma hilo tena. Mwendo ni uleule hata ukiweka balbu gani, hata ikiwa imekufa. Flasha nyingi za aina hii hazipimi mkondo kabisa. Zimeifuta ile mistari yetu minne. Magari yenye flasha ya miguu mitatu nayo yana jambo la kuangalia: soma herufi kwenye kidude, B ni umeme unaoingia, L ni unaokwenda kwenye taa, E ni ethi, yaani waya wa kurudi kwenye bodi. Flasha mbili zinaweza kufanana sura lakini miguu imepangwa tofauti, na ukichomeka kibubusa utaunguza fyuzi ukiwa na bahati, na waya usipokuwa nayo.

Kwa magari mapya zaidi usihangaike kutafuta flasha. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya bodi, na ile tik tik mara nyingi inatoka kwenye spika. Gari lililotoka kiwandani na LED halina tatizo hili, kwa kuwa kompyuta yake imeandikwa kupima mkondo mdogo wa LED na kujua ipi imekufa. Shida inaanza tunapochanganya dunia mbili.

Kabla hujalaumu flasha, angalia pia vitu vidogo. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, hivyo ikikataa kuwaka, ichomoe uigeuze. LED nyeupe nyuma ya kioo cha machungwa hutoa mwanga uliofifia, nunua ya machungwa yenyewe. Na ukiwasha indiketa kisha taa ya breki nayo ikapepesa kidogo, hilo si la LED, ni ethi mbovu. Kwangu mimi soketi ilikuwa na kutu ya kijani, nikaikwangua kwa msasa.

Nilichoamua mimi? Nimerudisha balbu za uzi za wati 21 kwenye indiketa. Ndiyo, zilezile za zamani. LED nimeziacha kwenye taa ya namba na ya ndani ya gari, ambako ikifa hakuna anayeumia. Balbu ikiungua kwa sababu ya matuta ya ploti, mlio utakimbia, nami nitajua. Naweka mbili za akiba kwenye sanduku la dashibodi. Nganya za Buruburu nimeziachia mng'aro wao.

Hadithi ina mkia. Yule kijana wa bodaboda tulibadilishana namba jioni ile, na Jumapili akaja kwangu. Hakuja kudai kitu. Alikuja na tatizo lake, kwa kuwa nilimwambia nitakagua gari na akaona nina malitimita. Pikipiki yake naye alikuwa ameiwekea LED, na akiwasha indiketa ya kushoto zote nne zinapepesa. Abiria wanafikiri ni hazadi, magari hayajui anaelekea wapi. Fundi alikuwa amemwambia abadilishe nyaya zote.

Nilitabasamu, kwa sababu ni kosa la ukoo uleule. Pikipiki nyingi zina taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi kwa pande zote mbili. Taa hiyo imeunganishwa kati ya waya wa kushoto na waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye taa ya dashibodi, halafu unarudi kwenye ethi kwa kupitia balbu za kulia. Balbu za uzi hazijali, mkondo ule ni mdogo mno kuziwasha. LED zinajali, kidogo hicho kinazitosha. Dawa ni daiodi mbili, zile za 1N4007 zinazouzwa Luthuli Avenue kwa bei ya andazi. Waya wa kushoto na wa kulia kila mmoja unapita kwenye daiodi yake kwenda mguu mmoja wa taa ya dashibodi, na mguu wa pili unapelekwa ethi. Umeme hauwezi tena kuvuka kwenda upande wa pili. Tulimaliza kabla ya chai kupoa. Flasha yake ya miguu miwili pia ilibidi ibadilishwe, maana ile ya zamani ilihitaji mkondo wa balbu ili iweze kufanya kazi, na kwa LED nne ilikuwa inasinzia.

Nikamwambia lile jambo nililojifunza: flasha yako mpya haitakuambia taa ikifa. Lazima uangalie mwenyewe. Akasema, "Mimi nitaangalia ukutani kila asubuhi. Wewe je?"

Swali zuri. Balbu zangu zitanieleza, lakini soketi yenye kutu inaweza kudanganya pia. Kwa hivyo nimefanya mapatano na mzee soja wa getini kwetu. Kila asubuhi nikitoka nasimama mbele yake, nawasha kushoto, kulia, breki. Yeye anazunguka nyuma na chai yake mkononi, anapaza sauti: "Iko! Iko! Iko!" Majirani wawili wameanza kusimama pia.

Wiki iliyopita alinyamaza. Nikashuka kuangalia. Breki ya kulia ilikuwa imekufa, na gari lilikuwa halijaniambia lolote.

Haya, tutaonana wiki ijayo na ile hifadhidata. Endesheni pole pole, na mkipata nafasi, shukeni mkaangalie nyuma.